Spoki Kwenye Ukuta wa Bibi

Kwenye programu ya kuchorea majengo unaweza kujenga ukuta wa siagi. Nimejaribu. Unafungua orodha ya aina za kuta, unanakili mmoja, unaupa jina, unaongeza tabaka la siagi nene kama ngumi, na kompyuta inapokea bila kukunja uso. Haiulizi kama huko unakojenga kuna jua. Darasa zima lilicheka siku ile, na mwalimu wetu wa uchoraji ananiita Mhandisi wa Siagi mpaka leo. Nasema hivi mapema ili ujue anayekusimulia ni mtu ambaye hakuna aliyewahi kumwamini mara ya kwanza. Hata mimi nisingejiamini.

Nasoma shule ya ufundi hapa Tabora. Wazazi wangu wanalima Puge, mimi nakaa Gongoni kwa bibi, mama yake baba, kwenye nyumba ya matofali mabichi, yale ya udongo ambayo hayajawahi kuona tanuri. Aliijenga babu yake babu, enzi za misafara, watu wakipita na mizigo kichwani kwenda na kurudi pwani. Siku hizi mbele ya mlango zinapita bodaboda, lakini kuta ni zilezile, nene kiasi kwamba nilipokuwa mdogo nilikuwa nakaa dirishani nimekunja miguu kama niko kwenye kochi.

Mimi na bibi ni watani. Utani wenyewe hatukuuchagua, nilizaliwa nikaukuta: mjukuu wa kiume ni mume, bibi ni mke, na mnaweza kusemana kuanzia asubuhi mpaka isha bila mtu kununa. Nikirudi shuleni nasema, "Shikamoo bibi."

"Marahaba mume wangu mvivu. Umeniletea nini?"

"Talaka."

"Iweke pale na zile nyingine."

Ndiyo maisha yetu hayo. Nilishamwambia kuna chatu darini, akatoka mbio mpaka kwa jirani, akarudi na panga na vijana wawili. Nilishamwambia redio imetangaza kwamba wanawake wenye wajukuu wazuri watalipa kodi. Kwa hiyo ukuta ulipotaka kumuua kweli, mtu pekee aliyejua alikuwa mimi, na mimi ndiye mtu pekee ambaye kwa mila na kwa tabia alikuwa haruhusiwi kuaminiwa.

Ilianza na kazi ya darasani. "Kila mmoja atachora nyumba anayoijua," mwalimu alisema. "Na kuta za nje nazitaka na matabaka yake ya kweli. Asiniletee mtu ukuta aliochukua kwenye programu kama andazi la dukani."

Akatuonyesha kwenye skrini. Ukifungua ukuta unakuta jedwali, mistari imepangwa kama magodoro kwenye jukwaa la duka. Mstari wa juu ni upande wa nje, unaopigwa na mvua. Mstari wa chini ni upande wa ndani, unaoegemea ukiwa umechoka. Katikati ni kiini, kinachobeba paa. Kila tabaka unaliandikia limetengenezwa kwa nini na lina unene gani, na pembeni kuna picha ndogo ya ukuta uliokatwa, unauona ulivyo ndani kama umeukata kwa kisu.

"Na mnakili kwanza!" alipiga kelele. "Ukihariri ukuta wa mwanzo bila kuunakili, kuta zote za aina hiyo zinabadilika nyumba nzima. Mmenisikia? Siagi, umenisikia?"

Nilichagua nyumba ya bibi kwa uvivu. Nilijua ina ukuta wa aina moja tu pande zote nne, kwa hiyo nikishautengeneza mmoja nimemaliza, naenda kucheza mpira.

Tabaka la nje nililijua bila kupima: plasta ya saruji. Baba mdogo ndiye aliyeipiga wakati wa harusi ya shangazi. Ana duka la vifaa vya ujenzi, na anapenda saruji kama watu wengine wanavyopenda timu. Kabla ya hapo nyumba ilikuwa inakandikwa kila mwaka mvua zikikaribia: udongo mwekundu, mavi ya ng'ombe, maji, na sisi watoto tunakanyaga mpaka magotini, tunarushiana, bibi anapaka kwa viganja. Puge wanakandika mpaka leo. Udongo wa mwaka huu unabanduka na mvua, mwakani unapakwa mwingine. Baba mdogo akasema mama yake hatalala tena kwenye nyumba iliyopakwa mavi. Akapiga saruji nje, akapiga na ndani, akavuta bomba, akajenga karo la kufulia nyuma, limegusa kabisa ukuta wa chumba cha bibi ili asitembee mbali na ndoo. Bibi alilia kwa furaha. Na mimi nilifurahi, maana kukanyaga mavi kumeisha.

Kupima tabaka la ndani nilichukua spoki ya baiskeli. Chumbani kwangu fundi umeme alitoboa tundu la swichi akaliacha wazi. Nikaingiza spoki, ikapita kwenye plasta, ikafika kwenye tofali, ikagota. Safi. Nikaenda chumbani kwa bibi kuhakikisha.

Bibi alikuwa jikoni, nasikia anamsema paka. Kitanda chake kimegusa ukuta wa kaskazini, ule wenye karo kwa nje, na hakijawahi kusogezwa tangu nimejua kusogea mimi. Anataka akilala kwa ubavu wa kulia awe ameelekea kibla. Analala uso wake unakaribia kugusa ukuta, anakoroma, mkoromo unagonga ukutani unamrudia. Huwa namwambia anaongea na majini, wanamjibu.

Chini ya usawa wa kitanda, mguu wa kitanda ulikuwa umebandua plasta kidogo. Nikachomeka spoki hapo, mzaha nimeshauandaa wa kumwambia akiingia. Spoki ikaingia. Nikasubiri igote. Ikaendelea kuingia, polepole, laini, kama kwenye ugali uliotoka motoni, mpaka vidole vyangu vikagusa ukuta na spoki yote ikawa ndani.

Nilikuwa bado natabasamu. Uso ulichelewa kupata habari.

Nikaivuta. Ilitoka na udongo uliolowa, unanuka mtungi. Ndani ya plasta nyeupe nzuri ya baba mdogo, ambayo ukiipiga konzi inalia kama sahani, hapakuwa na ukuta. Palikuwa na tope limesimama. Na juu ya tope paa, na chini ya paa mto wa bibi yangu, una shimo pale anapoweka shavu.

"Unafanya nini huko, mume wangu?" akaita kutoka jikoni.

Nikaifuta spoki kwenye suruali, nikasema nafukuza panya.

Kesho yake kwenye chumba cha kompyuta niliandika: saruji, udongo, saruji. Kwa haraka nikasahau kunakili. Nilipobonyeza kukubali, kuta zote za nyumba zikabadilika kwa mara moja, sebule, jiko, chumba changu, zote zikawa na tabaka la kiini nililoliita "udongo uliolowa". Wenzangu wakacheka. Mimi nikaitazama nyumba nzima ya tope ikizunguka kwenye skrini. Kwa nini iwe ukuta mmoja tu? Saruji baba mdogo alipiga zote.

Nikanyoosha mkono. "Mwalimu, maji yakiingia pale katikati, yanatokea wapi?"

"Haya, Siagi imeanza kuyeyuka."

"Hapana mwalimu. Kweli. Yakipanda kutoka chini, na huku saruji, na huku saruji."

Akaja akasimama nyuma yangu. Alitazama ile picha ndogo ya ukuta uliokatwa kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda. "Hayatoki," akasema. "Udongo ukiachwa wazi unalowa, unakauka, unalowa, unakauka. Huu umevishwa koti la plastiki. Ukishalainika haubebi kitu. Hii ni nyumba ya nani?"

"Ya mke wangu, mwalimu."

Darasa likalipuka. Sikukusudia, naapa. Ndivyo ninavyomwita.

Mwalimu hakucheka. Akanichapishia karatasi ya ule mkato, akasema taratibu, "Kama huu si utani wako, mwenye nyumba ajue leo."

Nilikimbia mpaka Gongoni na spoki mkononi, watu wananipisha. Nikachoma kila ukuta. Sebuleni ikagota. Jikoni ikagota. Kwangu ikagota. Ni ule mmoja tu, wenye karo mgongoni, na ambao msimu wa mvua haupati jua hata la kuazima. Nilikuwa nachoma na kusikiliza, nachoma na kusikiliza, bibi ananifuata nyuma na mwiko.

"Bibi, ukuta wako umeoza."

"Na wewe meno."

"Bibi, siongei utani. Utaanguka."

"Juzi chatu, leo ukuta. Sema tu unataka kitanda changu, mume wangu, tugawane."

Nikamwonyesha karatasi. Akaigeuza juu chini, akasema hiyo ni keki. Nikampa spoki yenye tope. Akaifuta kwa kanga, akanirudishia, akaniambia nisichezee vitu vya watu chini ya kitanda. Kadiri nilivyokaza sauti ndivyo alivyocheka, mpaka machozi. Nilikuwa sijawahi kumchekesha hivyo. Inatisha sana kumchekesha mtu usipotaka.

Nikaenda dukani kwa baba mdogo. Amekaa juu ya mifuko ya saruji kama mfalme. "Wewe mtoto," akasema, "saruji ninayouza inashika madaraja. Itashindwa kumshika mama? Ijumaa nakuja kula, utanionyesha katuni zako."

Siku zilizobaki mpaka Ijumaa sitaki kuzirudia. Mvua za kwanza zilikuwa zimeshapiga, na kila mchana wingu lilikuwa linajikusanya upande wa Nzega, jeusi, halina haraka. Bibi analala kidogo baada ya adhuhuri. Mimi niko darasani, nachora madirisha, nasikia mlango umebamizwa na upepo, naruka kwenye kiti. Niliacha kula chakula cha mchana shuleni ili nikimbie kumtazama kama ameamka. Nikimkuta amelala, uso umekaribia ukuta, nasimama mlangoni nasikiliza mkoromo. Nikiusikia nadondosha sufuria kwa makusudi, aamke anitukane, atoke pale. "Mume gani huyu!" anasema. "Hata kufa sitaachiwa nife nimelala." Nami nacheka.

Nilijaribu kukivuta kitanda mwenyewe alipokwenda sokoni. Ni cha mbao za mninga, kizito kama trekta. Nikakisogeza kidogo sana. Aliporudi akakitazama, akanitazama, akakirudisha kwa makalio.

Ijumaa baba mdogo akaja, amevaa kanzu, akala wali mpaka akafungua kifungo. Akaichukua karatasi yangu. "Kwa hiyo kompyuta imesema saruji yangu mbaya?"

"Kompyuta haijasema kitu, baba mdogo. Yenyewe inakubali hata siagi. Njoo uone spoki."

Tukaingia chumbani. Bibi alikuwa ameshajilaza, ametupa mgongo. Nikachuchumaa, nikachomeka. Ikazama yote. Baba mdogo akacheka, kisha akaacha. "Umepata ufa tu hapo," akasema, akaninyang'anya, akatoboa kwa msumari sehemu nyingine, karibu na mto. Akachoma yeye. Mkono wake mkubwa ulikwenda mbele kama umesukumwa na mtu. Akachoma tena pembeni. Tena. Akakaa kwenye ukingo wa kitanda, spoki inamdondoshea tope kwenye kanzu nyeupe na hafuti.

"Mama," akasema, sauti imekuwa ndogo. "Inuka kidogo."

"Siinuki. Nimejifungulia watoto kwenye chumba hiki, na wewe ukiwemo, na kichwa chako kilinisumbua. Kitanda changu kimeelekea kibla. Siendi kulala sebuleni kama mgeni."

"Mama, nakuomba."

"Huyo mume wangu amekuambukiza utani."

Hapo ndipo tone la kwanza lilipogonga bati. Halafu la pili, mbali. Baba mdogo akatazama juu. Alikuwa hajui kumwamrisha mama yake, na nadhani alikuwa hawezi hata kusema kwa nguvu, maana kusema kwa nguvu ni kusema kwamba zawadi yake ndiyo iliyofanya hivi. Mvua ikaanza kuja kwa miguu yote.

Sikufikiri. Nilipanda kitandani na viatu, nikamruka bibi, nikajilaza katikati yake na ukuta. Plasta ilikuwa baridi mgongoni. Ule ubaridi nilikuwa naujua wa nini.

"Toka hapo," bibi akasema.

"Mimi si mumeo?"

"Toka nimesema."

"Mume halali sebuleni. Kama ukuta ni mzima, una wasiwasi gani? Lala."

"Mtoto huyu! Mwambie mwanao atoke!"

Baba mdogo alikuwa bado anatazama bati. Mvua juu ya bati sasa ilikuwa kelele moja tu. Nilijaribu kutafuta mzaha mmoja, hata mbovu, hata ule wa chatu, ili nijisahau. Kichwa kilikuwa kitupu. Nilikuwa nasikia ukuta nyuma yangu, au nilidhani nausikia, kitu kama mtu anayemeza mate. Kitanda kikaanza kulia, kidogo kidogo, kwenye maungio. Bibi akasikiliza. Ilikuwa ni mimi.

"Unatetemeka," akasema.

"Baridi."

"Baridi ya wapi?" Akanishika mkono, akaubana, akanitazama usoni kwa karibu kama anasoma maandishi madogo. Kicheko kikamtoka machoni chote. "Inuka, mwanangu," akasema. "Inuka. Tunatoka."

Hakuniita mume wake. Hilo liliniogopesha kuliko spoki.

Tukakivuta kitanda watatu, kikichimba sakafu, mpaka sebuleni. Tukaufunga mlango wa chumba, tukakaa tunautazama. Na nikwambie kitu: ukuta haukuanguka. Mvua ilipiga, ikapiga, ikaisha, majirani wakatoka kuchota maji ya kwenye mapipa, na ukuta umesimama, mweupe, msafi. Nilimwomba Mungu uanguke. Halafu nikamwomba asinisikie.

Asubuhi baba mdogo alikuja bila kanzu, na gari la mirunda. Tukategemeza paa kwanza, nguzo baada ya nguzo, kwa ndani. Kisha akaenda nje kwenye karo lake, akashika nyundo mwenyewe, akakataa fundi. Alipiga plasta chini, karibu na bomba. Likatoka bamba moja pana kama mlango, likavunjika, na nyuma yake udongo ukafuata bila kuguswa, ukamwagika juu ya karo kama uji uliofurika. Haukupiga hata kelele. Palipokuwa ukuta pakawa na mdomo, na kupitia mdomo ule nikaona sakafu ya chumbani, na alama nne za miguu ya kitanda.

Baba mdogo alisimama na nyundo mkononi. "Mwezi ujao nilikuwa naanza kupiga saruji nyumba ya mama mkwe," akasema. Hakuna aliyecheka. Ingawa baadaye, nikiwa peke yangu, nilicheka mpaka nikalia, au kinyume chake.

Msimu wote wa mvua bibi alilala sebuleni, tundu limezibwa kwa turubai. Karo lilivunjwa. Kiangazi kilipoingia tukafyatua matofali mapya ya udongo, yakakaushwa, ukuta ukajazwa, na saruji yote ya nje ikabanduliwa nyumba nzima. Halafu tukakandika. Baba mdogo, muuza saruji, suruali imekunjwa, anakanyaga mavi ya ng'ombe mbele ya wateja wake. Nilimrushia donge moja la shavuni. Hakunikemea.

Kwenye kompyuta nilinakili kwanza, safari hii. Mstari wa juu nikaandika udongo na mavi. Programu ikapokea, kama kawaida yake. Mwalimu akauliza tabaka hilo linadumu muda gani, nikasema mwaka. Tukatafuta mahali pa kuandika hivyo kwenye jedwali. Kuna mahali pa unene, pa rangi, pa joto. Pa mwaka hakuna. Nikaliweka kwenye jina: Ukuta wa Mke Wangu, Ukandikwe Kila Mwaka.

Kisha bibi akataka chumba chake. "Siku spoki ikigota, narudi," alisema.

"Atachoma baba mdogo."

"Utachoma wewe. Si wewe uliyenitoa?"

Juzi nilichoma. Ikagota. Nikachoma juu, ikagota. Nikachoma chini kabisa, kwenye kona, pale palipokuwa pabaya zaidi, kwa nguvu, nikitamani iingie hata kidogo nipate sababu ya kumzuia. Ikagota, ikapinda. Bibi alikuwa amesimama mlangoni ameshika mto.

Kitanda kikarudi kwenye alama zake nne. Baada ya adhuhuri akajilaza kwa ubavu wa kulia, uso ukakaribia ukuta.

"Mume wangu. Imegota kweli?"

"Imegota."

"Si utani?"

Nilikuwa na majibu mengi mazuri. Yote niliyaacha. "Si utani, bibi."

Akavuta kanga begani. Mimi nikakaa kizingitini na spoki iliyopinda, natazama wingu kupitia ua, nasubiri. Alichelewa sana. Halafu akaanza kukoroma, na mkoromo ukagonga ukutani, ukarudi.